Uanagenzi wa krediti katika masomo ya Kiyahudi: yapi ya kupanga kabla ya kuanza

Masomo ya Kiyahudi ni fani ya chuo kikuu kama zilivyo historia na isimu. Huchunguza historia, lugha, dini na fasihi za Wayahudi, na anayeyasoma si lazima awe Myahudi, kama vile anayesomea Kiarabu si lazima awe Mwislamu. Nchini Marekani, ambako wasomi wa fani hii waliunda chama chao mwaka 1969, vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kufanya uanagenzi, ile tunayoiita atachimenti, na muda huo ukahesabiwa katika shahada yake. Kipimo cha hesabu hiyo ndicho krediti.

Jambo linalowakanganya wengi ni kwamba krediti haitolewi na mahali pa kazi. Makavazi yanaweza kukupokea kwa mikono miwili na bado usipate hata moja. Ni lazima mwalimu wa idara yako akubali kukusimamia, nawe ujisajili kabla ya kuanza, kwani vyuo vingi havihesabu kazi iliyokwisha kufanywa. Kwa kipimo cha kawaida cha huko, krediti moja ni saa 1 darasani na saa 2 nje ya darasa kila wiki, kwa takriban wiki 15. Ndiyo saa 45. Krediti 3 basi ni kama saa 135, ingawa kila chuo kina kanuni zake.

Mahali pa kwenda hutegemea lugha unayoisoma. Manhattan, New York, kuna Center for Jewish History, jengo lenye taasisi tano. Mojawapo ni YIVO, iliyoanzishwa Vilna mwaka 1925 na kuhamishia makao yake New York mwaka 1940; humo Kiyidi ni muhimu. Nyingine ni Leo Baeck Institute, inayohifadhi nyaraka za Wayahudi waliozungumza Kijerumani. Huko Amherst, Massachusetts, Yiddish Book Center iliyoanzishwa na Aaron Lansky imekusanya vitabu vya Kiyidi zaidi ya milioni moja tangu 1980.

Ipo pia lugha isiyo mbali nasi: Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Ndicho kilichojaa katika nyaraka za Geniza, zilizokutwa katika sinagogi la Ben Ezra, Cairo ya kale, ambazo nyingi sasa ziko Cambridge, Uingereza. Zimo barua za wafanyabiashara waliosafiri Aden na India, bahari hii hii yetu. Sisi ambao wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hatuhitaji kuelezwa kwamba lugha na hati ni vitu viwili. Kijana aliyekijua Kiarabu vizuri ana herufi 22 tu za kujifunza, kisha uvumilivu, maana Kiarabu cha barua hizo si kile cha vitabuni.

Makubaliano yaandikwe. Nasema hivi kwa uchungu: nilipokuwa nikisomea diploma, nilikaa miezi mitatu katika ofisi moja nikitumwa chai na kupiga fotokopi, na kitabu changu cha kumbukumbu kikajazwa chote siku ya mwisho. Karatasi itaje saa, msimamizi, na kazi itakayobaki mkononi, kwa mfano orodha yenye maelezo ya masanduku kadhaa ya barua, pamoja na insha ambayo mwalimu ataisahihisha.

Ulizia pesa mapema pia. Krediti hulipiwa karo, kwa hivyo asiyelipwa mshahara huwa analipia kazi anayoifanya. Idara nyingine zina ruzuku ndogo za kumsaidia, lakini hazitolewi kwa asiyeomba.

Kwa Mkenya anayesoma huko kwa viza ya F-1, idhini ya mwalimu haitoshi. Mafunzo ya nje ya chuo, hasa yenye malipo, huhitaji kibali kinachoitwa CPT, kinachoandikwa kwenye fomu ya I-20 na afisa wa wanafunzi wa kigeni kabla ya siku ya kwanza kazini. Kwa kawaida hakitolewi kabla ya kumaliza mwaka mzima wa masomo. Na ukikitumia kwa kazi ya kutwa miezi 12 au zaidi, unapoteza ruhusa ya kufanya kazi huko baada ya kuhitimu katika kiwango hicho cha shahada.