Kombe la Gossage na Mpaka wa Busia

Askari alindaye mpaka wa Busia, au apitaye doria kati ya Busitema na Tororo, hulinda mstari uliotokana na uamuzi wa wakoloni wa mwaka 1902, walipoitoa sehemu ya mashariki ya Uganda na kuitia upande wa Kenya. Jamaa waligawanywa bila kuulizwa.

Mwaka 1926 pande hizo mbili zilikutana uwanjani kugombea kombe lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Gossage. Mchezo wa kwanza haukumpata mshindi: bao 1 kwa 1. Ikalazimu urudiwe, na Kenya ikashinda 2 kwa 1. Tofauti ya bao moja tu, baada ya michezo miwili! Uganda haikukubali unyonge. Ililitwaa kombe mwaka 1928, ikalishikilia mpaka Kenya ilipolinyakua mwaka 1931, mwaka ule ule reli ilipofika Kampala. Mwaka 1932 likavuka mpaka tena, likarudi Uganda. Nao walinzi wa mpaka hawakuwa na sababu ya kulizuia.

Tanganyika ilijiunga mwaka 1945, na Zanzibar miaka michache baadaye, ushindani wa wawili ukawa wa wanne.