Mzamia Hujuma: Jina la Mpiganaji wa Chini ya Maji

Lugha nyingi zilipokutana na askari anayezama baharini usiku kwenda kutega baruti chini ya meli ya adui, zilimtazama mavazi kwanza. Ziliona suti ya mpira iliyombana mwili, miwani ya kioo na mapezi miguuni, zikasema huyu ni chura. Mwitaliano anamwita uomo rana, Mfaransa homme-grenouille, Mhispania hombre rana, na magazeti ya Kiarabu huandika "vyura wa kibinadamu". Mjerumani aliacha mavazi akaangalia kazi: kwake huyu ni Kampfschwimmer, mwogeleaji wa vita.

Mfasiri wa Kiswahili anayekutana na jina hili katika kitabu cha Vita Kuu ya Pili atashawishika kuandika "mtu-chura". Namsihi asiandike. Chura wetu ni wa dimbwi na maji baridi, na sifa yake kubwa ni kelele; ndiyo maana tunaambiana kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Huyu tunayemtafutia jina anafanya kazi katika maji ya chumvi, na akisikika ametekwa au amekufa.

Ukimya wake ulikuwa na ufundi. Mzamiaji wa kawaida, kama tunaowaona Nungwi au Watamu, hubeba mtungi wa hewa iliyoshindiliwa. Akitoa pumzi, mapovu hupanda juu, na mlinzi aliye sitahani na tochi yake atayaona. Wapiganaji wa Kiitaliano katika vita ile walitumia kifaa kingine, kilichojulikana kwa herufi ARO. Mpiganaji alivuta oksijeni tupu kutoka mtungi mdogo kupitia mfuko wa mpira uliokaa kifuani. Pumzi aliyoitoa haikwenda majini, bali ilipita kwenye chokaa ya soda, chokaa ikanyonya hewa ukaa, na oksijeni iliyobaki ikavutwa tena. Povu halikutoka. Napenda kukiita kifaa hiki "kipumulio cha mzunguko", kwa kuwa neno kipumulio tunalo tayari na mzunguko ndio unaokitofautisha. Lakini kina hatari yake: oksijeni tupu, ikielemewa na uzito wa maji, hugeuka sumu. Ukishuka mita chache kupita kiasi, misuli huanza kucheza, mara degedege, mara kuzirai. Kwa hiyo mtu huyu hakuwa wa vilindini. Mahali pake ni bandarini, mita chache chini ya uso wa maji, ambako manowari zimetia nanga.

Sasa tuangalie tulicho nacho nyumbani. Tuna "mpiga mbizi", neno lililojaa magazetini Septemba 2019 gari lilipotumbukia kutoka kivukoni Likoni na wapiga mbizi wakaitwa kulitafuta. Tuna "nyambizi", istilahi iliyofaulu kuliko nyingi, ambayo mbizi imo ndani yake waziwazi na leo hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Tuna pia "mzamiaji", lakini hili limepata mzigo mwingine. Muulize kijana wa Dar es Salaam maana ya kuzamia, naye atakwambia ni kujificha ndani ya meli na kwenda Ulaya bila nauli wala hati. Mwandishi akisema "mzamiaji alikamatwa bandarini", msomaji wa Tanzania atamwona kijana mwenye njaa aliyejibanza kati ya makontena. Neno halijaharibika, ila haliwezi kusimama peke yake katika habari ya bandari.

Lakini kitenzi chake kina matumizi mengine, ya zamani na mazuri: mzamia lulu. Huyu ni mtu anayekwenda chini kwa ajili ya kitu fulani, na kitu hicho kinatajwa mara moja, bila kiunganishi. Kwa muundo huohuo napendekeza "mzamia hujuma", wingi "wazamia hujuma", na kazi yenyewe "uzamiaji hujuma". Nusu ya kwanza imekwisha elezwa. Nusu ya pili ndiyo yenye mjadala.

Hujuma tuliipata kwa Waarabu, na kwao ni shambulio. Kamusi zetu bado zinahifadhi maana hiyo: kuhujumu ni kumvamia adui kwa ghafla. Kisha ikaja mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na vita dhidi ya wahujumu uchumi ikaenea Tanzania nzima. Ilitungwa hata sheria ya uhujumu uchumi. Tangu hapo neno limenuka maficho: bidhaa zilizofungiwa ghalani, ulanguzi, mtu anayeharibu kutoka ndani huku akikusalimia vizuri. Basi ukimwita askari wa majini mzamia hujuma, unamtukana au unaeleza kazi yake? Nimeona ni vyema kulipima swali hili kwa watu wawili halisi, wote wa kikosi kimoja cha Jeshi la Majini la Italia, Decima Flottiglia MAS.

Wa kwanza ni Luigi Durand de la Penne. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Desemba 1941, nyambizi Scirè, chini ya Junio Valerio Borghese, iliwaacha watu sita nje ya bandari ya Alexandria, Misri. Walikuwa jozi tatu, kila jozi imepanda chombo kimoja chenye umbo la topido. Walifika langoni wakakuta wavu wa chuma. Bahati ikawaangukia: Waingereza walifungua lango kupitisha manowari zao zilizokuwa zinarudi, na Waitaliano wakapita nazo. Antonio Marceglia na Spartaco Schergat walielekea manowari Queen Elizabeth, Vincenzo Martellotta na Mario Marino wakaiendea meli ya mafuta Sagona, na de la Penne na mwenzake Emilio Bianchi wakapewa manowari Valiant.

Kwa jozi hii mambo yaliharibika karibu yote. Suti ya de la Penne ilivuja, mwili ukapoa. Chombo kikazama hadi chini, karibu mita 17, kina ambacho oksijeni tupu tayari ni hatari, na rafadha ikanasa kwenye waya. Bianchi alikosa pumzi akaibuka, akajificha kwenye boya la kufungia meli. De la Penne alibaki peke yake gizani, kwenye tope, akilikokota lile lichombo kwa mikono, hatua kwa hatua, akijiongoza kwa ngurumo ya pampu za Valiant zilizosikika juu yake. Alipohakikisha yuko chini ya tumbo la meli, alitega saa ya baruti akaibuka. Alikamatwa pamoja na Bianchi. Waliulizwa wameweka nini na wapi, wakakataa kujibu, wakafungiwa chini kabisa ya meli ileile, jirani na mahali baruti ilipolala.

Dakika chache kabla ya wakati, de la Penne aliomba kuonana na nahodha, Charles Morgan. Akamwambia meli italipuka hivi karibuni, awaokoe watu wake. Alipoulizwa baruti iko wapi, hakusema. Morgan akaamuru arudishwe chini. Kulipokucha Valiant ilipasuka, de la Penne akanusurika akapanda juu kwa miguu yake. Queen Elizabeth nayo ikafuatia, na ndani yake walikufa mabaharia kadhaa. Sagona ilipasuka pia, ikaiumiza manowari Jervis iliyokuwa ubavuni mwake. Kwa kuwa bandari haina kina kirefu, manowari zile mbili kubwa zilikaa chini zikiwa wima, na Waingereza wakaendelea na sherehe zao sitahani ili ndege za upelelezi zidhani zinaelea. Marceglia na Schergat walifika nchi kavu wakijifanya mabaharia Wafaransa, ila walipewa noti za pauni za Kiingereza ambazo madukani Misri hazikutumika, na fedha hiyo ndiyo iliyowachongea. Valiant ilitengenezwa Durban katikati ya mwaka 1942, kisha ikapangwa na meli zilizolinda bahari ya Afrika Mashariki.

De la Penne alikuwa askari, akapiga manowari ya adui ndani ya bandari ya kijeshi, na alipokamatwa alihesabiwa mateka wa vita. Machi 1945, Italia ikiwa imekwisha kuhama upande, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya ushujaa huko Taranto, na aliyeitwa kuja kumvisha alikuwa Morgan mwenyewe. Hii ni hujuma kwa maana ya zamani: kuvamia kwa ghafla. Waitaliano wenyewe waliviita vyombo hivi mezzi d'assalto, yaani zana za shambulio, na neno letu la Kiarabu limeangukia palepale.

Wa pili ni Luigi Ferraro. Alikuwa wa kundi la Gamma, watu waliokwenda kwa kuogelea tu, bila chombo cha kupanda. Mwaka 1943 alipelekwa Iskenderun, Uturuki, nchi isiyopigana, akajifanya mfanyakazi wa ubalozi mdogo wa Italia. Vifaa vyake vya kuzamia viliingia katika mizigo ya kidiplomasia. Mchana alikuwa bwana wa ufukweni na kahawa, na inasimuliwa kwamba aliwafanya watu waamini hajui kuogelea. Usiku aliingia majini na kuziendea meli za biashara zilizokuja kupakia madini ya kromu kwa ajili ya nchi Washirika, maadui wa Italia. Bomu alilobandika lilikuwa na rafadha ndogo: meli ikiwa imetulia halifanyi kitu, ikiondoka na kushika mwendo, rafadha huzunguka na kuliamsha. Hivyo meli ilipasuka mbali baharini, na kila mtu akadhani ni topido ya nyambizi. Orion ilizama hivyo, Kaituna iliharibiwa.

Hapa tuko katika maana mpya kabisa. Nguo za raia, kazi ya uongo, bandari ya nchi ya tatu, mabaharia wa biashara. Mtanzania wa mwaka 1983 angeitambua hujuma hii bila kuelezwa. Nawaheshimu wote wawili kwa ujasiri wa kuingia maji yale, lakini siwezi kuziweka kazi zao kwenye mizani moja, na nisingetaka istilahi inilazimishe. Uzuri wa "hujuma" ni kwamba inawabeba wote wawili na kumwachia mwandishi aseme ni ya namna gani: mzamia hujuma aliyevaa alama za jeshi, au mzamia hujuma aliyejificha uraiani. "Mtu-chura" lisingeuliza swali hilo.

Jina "mzamia hujuma" pia lina mpaka. Tarehe 1 Novemba 1918, Raffaele Rossetti na Raffaele Paolucci waliingia bandari ya Pola wakiwa wameshikilia chombo walichokiita mignatta, yaani ruba, wakaizamisha manowari Viribus Unitis. Hawakuwa na kipumulio; vichwa vyao vilikuwa juu ya maji njia nzima. Hao ni waogeleaji wa vita, na tusiwaite wazamia hujuma kwa sababu tu ndio baba wa fani.

Kile chombo cha Alexandria jina lake rasmi lilikuwa Siluro a Lenta Corsa, topido ya mwendo wa polepole, nayo tafsiri hiyo inajitosheleza. Kilibuniwa na maofisa Teseo Tesei na Elios Toschi miaka ya 1930 huko La Spezia: urefu kama mita 7, injini ya umeme, mwendo ambao mtu anayetembea kwa haraka angeupita, na kichwa cha baruti kinachochomolewa na kuachwa chini ya meli. Wenyewe walikiita maiale, nguruwe, kwa ukaidi wake. Katika maandishi ya kitaalamu ningetumia "topido ya kupandwa". Nguruwe tuwaachie waliomkokota.

Limebaki bomu lenyewe. Waingereza walilipa jina la konokono mdogo wa baharini anayeng'ang'ania mwamba, Waitaliano wakawa na ruba, kunguni na kisanduku. Sisi tuna chazo, samaki mwenye kisahani cha kunyonyea kichwani, anayeganda tumboni mwa papa na kasa. Wavuvi wa pwani yetu walimfunga kamba mkiani, wakamwachia karibu na kasa, akaganda, wakavuta. Anaganda chini, hapohapo bomu linapoganda, na hang'oki kwa kuvutwa. "Bomu chazo", basi, wingi "mabomu chazo", liwe limeshikwa kwa sumaku, kwa vibano au kwa kunyonya.

Juni 2019 meli mbili za mafuta zilishambuliwa katika Ghuba ya Oman, Kokuka Courageous ikiwa mojawapo. Marekani ilisema ni mabomu ya aina hii na kuishutumu Iran, Iran ikakana. Picha zilizotolewa zilionyesha alama ubavuni mwa meli, juu ya usawa wa maji, mahali ambapo mtu aliye kwenye boti angefika kwa mkono wake. Mhariri wa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat anayeandika habari kama ile anaweza kusema bomu chazo bila wasiwasi. Mzamia hujuma asimtaje mpaka kuwe na ushahidi kwamba kuna aliyezama.