Hapsikodi ya Sandukuni: Fundi Amfuate Nani?

Katika maghala na vyumba vya chini vya nyumba za Marekani na Ulaya bado yamo masanduku yaliyonunuliwa miaka ya 1960 na 1970, ndani yake mna vipande vya hapsikodi ambavyo havijaunganishwa. Wanunuzi walikusudia kujiundia kinanda wenyewe. Wengine waligundisha mbao mbili tatu wakaacha, wengine hata kamba ya sanduku hawakuikata. Leo masanduku hayo yanapata wenyewe wapya, na kila anayeipokea kazi hiyo hukutana na swali moja: aunde kama karatasi ya maelekezo inavyosema, au awarudie mafundi wa karne ya 17 na 18? Jibu limo katika historia ya ala yenyewe, na historia hiyo ina njia iliyopita karibu na kwetu Ufipa.

Kwa sura hapsikodi yafanana na piano ndogo, lakini sauti yake huzaliwa kwa namna nyingine. Piano hupiga waya kwa nyundo, hapsikodi huuchokoa kwa risha. Nyuma ya kila kibao cha kubonyeza husimama kijiti chembamba cha mbao. Kichwani mwa kijiti mna ulimi mdogo unaocheza juu ya pini, na ulimi huo ndio ulioshika risha, zamani ikichongwa kutoka unyoya wa kunguru. Ukibonyeza, kijiti hupanda na risha huchokoa waya. Kikishuka, ulimi hurudi nyuma kidogo, risha ikapita bila kuugusa waya kwa nguvu, kisha kipande cha kitambaa kikaunyamazisha. Unywele mgumu wa nguruwe ndio uliokuwa springi ya kuurudisha ulimi mahali pake.

Msikilizaji wa taarabu hatashangazwa na mlio huo, kwa kuwa kanuni nayo huchokolewa kwa risha. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, anakumbukwa kwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, na kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 kimeiweka ala hiyo hai. Kanuni na hapsikodi ni ndugu. Tofauti ni kwamba Ulaya iliweka vibao na vijiti kati ya kidole na waya.

Habari za ala hiyo zinaonekana Italia mwaka 1397, katika barua ya Padua inayomtaja Hermann Poll kuwa ndiye aliyedai kuibuni. Katika karne za 16 na 17 ukoo wa Ruckers wa Antwerp uliunda vinanda vilivyosifiwa kote Ulaya. Pascal Taskin wa Paris aliunda kimoja mwaka 1769 ambacho sasa kimehifadhiwa Edinburgh na kimenakiliwa mara nyingi mno. Lakini yapata mwaka 1700, kule Florence, Bartolomeo Cristofori alikuwa tayari ameunda piano, na karne ya 19 ilipoanza hapsikodi ilikuwa imesukumwa pembeni.

Ushindi wa piano ndio ulioileta historia hii mlangoni petu. Vibao vya piano vilitaka pembe za ndovu. Misafara iliyobeba pembe kutoka pande za Ziwa Tanganyika ilielekea Tabora hadi Bagamoyo, mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi na watumwa. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe, ameeleza katika habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili, jinsi alivyompiga Nsama wa Itawa, kusini-magharibi ya ziwa, na kujipatia pembe nyingi. Kutoka Bagamoyo pembe zilivushwa Zanzibar, na kutoka huko sehemu kubwa ilisafirishwa hadi Connecticut, Marekani, ambako miji ya Deep River na Ivoryton iliishi kwa kuzipasua kuwa vipande vyembamba vya vinanda.

Hapsikodi ilifufuka taratibu. Arnold Dolmetsch alionyesha ya kwake London mwaka 1896. Mwaka 1912 Wanda Landowska alianza kupiga kinanda kikubwa kilichoundwa na kampuni ya Pleyel, kizito na kilichojengwa kwa mtindo wa piano. Mwaka 1949 Frank Hubbard na William Dowd walifungua karakana Boston wakiwa na msimamo tofauti: tuvipime vinanda vya kale, tuunde kama vilivyoundwa.

Hapo ndipo sanduku letu linapoingia. Wolfgang Zuckermann alizaliwa Berlin mwaka 1922 na kuhamia Marekani mwaka 1938. Alikuwa fundi wa piano jijini New York, na wateja walipozidi kutaka hapsikodi kuliko alivyoweza kuunda, mnamo 1960 alianza kuuza seti ya vipande kwa dola 150. Ili mtu asiye fundi aweze kuiunda, aliunyoosha ule ubavu uliopinda, akatumia plaiwudi, akaweka safu moja tu ya nyaya. Kwa hatua hiyo alikitoa kinanda hiki mikononi mwa matajiri wachache akakiweka mezani kwa mwalimu na mwanafunzi. Hubbard naye alitoa seti iliyofuata mfano wa Taskin, na mwaka 1965 kitabu chake juu ya karne tatu za uundaji wa hapsikodi kikawaonyesha wengi umbali uliokuwapo kati ya sanduku la bei nafuu na kazi ya kale. Zuckermann alipouza biashara, David Jacques Way aliihamishia Stonington, katika jimbo lilelile la Connecticut, akatoa seti zilizofuata mifano ya kihistoria.

Kwa hiyo fundi wa leo aanze kwa kujua sanduku lake ni la nani na la lini. La Way la miaka ya 1970 lahitaji zaidi subira kuliko marekebisho. La Zuckermann la mwanzo lahitaji uamuzi. Vijiti vya plastiki huenda vimekuwa vikavu na kuvunjika, felti imeliwa na nondo, waya umeshika kutu, na plaiwudi imeachana. Vipande vihesabiwe vyote mezani kabla ya tone la kwanza la gundi.

Kisha mbao zipewe muda kuzoea hewa ya mahali. Ubao wa sauti una unene wa kama milimita 3. Ukigundishwa masika ukiwa umenywa unyevu, kiangazi utasinyaa huku kingo zimeshikwa, na utapasuka. Hapa Mollo, jirani na Sumbawanga, ningeugundisha Agosti au Septemba, upepo mkavu wa uwanda wa juu ukiwa umekwisha fanya kazi yake. Mvua zikija utafura kidogo tu bila kupasuka. Wayeyusha chuma wa Ufipa nao waliwasha malungu yao, yaani tanuri za kuyeyushia, kiangazi, kwa kuwa mali ghafi ina majira yake. Na kwa vibao vyeusi hakuna haja ya kutafuta ng'ambo: upo mpingo wa Kilwa, ambako vijiji vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu mwaka 2009.

Jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili: katika sauti, fundi amfuate Ruckers na Taskin, katika umbo, amheshimu Zuckermann. Waya, risha, vijiti na ubao wa sauti virekebishwe kwa elimu iliyopatikana tangu 1960. Ubavu ulionyooka na ubaki, maana huo ndio ushahidi wa wakati ambapo mtu wa kawaida aliruhusiwa kujiundia hapsikodi. Kila badiliko liandikwe kwenye karatasi na kuhifadhiwa ndani ya kinanda, likiwa na tarehe na jina la fundi. Akina Ruckers walitia herufi za majina yao kwenye ua la ubao wa sauti, na kwa alama hizo kazi yao inatambuliwa mpaka leo. Fundi wa Ufipa anayemaliza kazi iliyoachwa na mwingine anastahili heshima hiyohiyo, na anawiwa uwazi uleule.