Maporomoko ya Karura hayakuwahi kufichika

Wasee, hebu tuongee kuhusu hii kapsheni ya "lulu iliyofichika". Kila wikendi naiona mara tatu, nne. Mtu na raba mpya, maporomoko ya Karura nyuma yake, kamuziki laini, halafu hayo maneno. Video huwa safi, sina shida nazo. Mimi mwenyewe kupiga video ndiko kunanilipia nyumba. Lakini iliyofichika kwa nani? Karura iko ndani ya Nairobi. Upande mmoja ni Muthaiga, mwingine ni Gigiri na makao ya Umoja wa Mataifa, halafu Kiambu Road inapita ubavuni. Wakubwa wa miaka ya tisini waliujua huu msitu vizuri kabisa. Waliuona, wakaupima, wakagawana.

Kwa wale hawajafika, nianze na maporomoko yenyewe. Ni Mto Karura unaodondoka kama mita 15 hivi. Usiende ukitarajia Thomson's Falls ya Nyahururu, ile ni mita 74. Hapa ni kadogo, lakini ukishuka kule chini hewa inakuwa baridi ghafla na unasahau kuna matatu zinapiga honi dakika chache kutoka hapo. Mvua ikinyesha, maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kiangazi yanapungua, na hapo ndipo watu hulalamika kwamba picha zilidanganya.

Ukifuata mto unafika kwa mapango, na hayo ndiyo huitwa mapango ya Mau Mau. Wengi huingia, wanapiga selfi, wanatoka. Ngoja kidogo. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Wapiganaji wengi walikuwa Nyandarua na Mlima Kenya, lakini chakula, dawa, pesa na vijana wapya vilitoka sana Nairobi. Waingereza walijua hivyo, ndiyo maana Aprili 1954 walifanya Operesheni Anvil, wakafagia mji na kukamata maelfu ya watu. Sasa fikiria msitu mnene uko katikati ya mji na Kiambu. Ukisimama ndani ya lile pango, mto uko hapo chini na miti imefunika kila kitu, huhitaji mwalimu wa historia akueleze kwa nini mtu angejificha hapo.

Mkoloni ndiye aliuandika Karura kuwa msitu wa serikali, mwaka wa 1932. Uhuru ukaja, msitu ukabaki mali ya umma, hekta kama elfu moja. Halafu miaka ya tisini ikafika na ule mchezo ambao kila Mkenya anaujua. Ardhi ya umma ilikuwa zawadi. Ulimsaidia mkubwa, unapewa ploti. Kampuni ambayo hakuna mtu amewahi kuisikia inapata taito, inauza kwa kampuni nyingine, na ile ya pili inasema "sisi tulinunua kihalali". Vipande vikubwa vya Karura viligawanywa hivyo kimyakimya. Watu walishtuka 1998, wakati miti ilikuwa imeanza kukatwa na mijengo kuanza.

Wangari Maathai na watu wa Green Belt Movement wakaingia na miche. Hiyo ndiyo silaha yao ilikuwa, miche na jembe. Oktoba 1998 mambo yalichemka hadi mitambo ya wajenzi ikachomwa. Tarehe 8 Januari 1999 alirudi na wabunge, wanaharakati na waandishi wa habari, aende apande mti. Walikuta genge la wanaume na rungu, mapanga na mijeledi. Alipigwa, akapasuliwa kichwa. Akaenda kituo cha polisi akiwa bado anavuja damu, na taarifa yake akaitia sahihi kwa hiyo damu. Kamera zilikuwa pale, dunia nzima ikaona, hata katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa akalaani.

Hapo ndipo watu wengi humalizia hii stori. Mama shujaa, Tuzo ya Nobel 2004, makofi. Mimi sitaki kumalizia hapo, kwa sababu kuna watu wa umri wangu ndani ya hii stori na hakuna anayewataja.

Wiki chache baada ya Wangari kupigwa, wanafunzi wa chuo kikuu waliingia barabarani kwa sababu ya Karura. Siku kadhaa za mawe na vitoa machozi. Mwisho wake, Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa. Ukikumbuka vyuo vya wakati huo, kufungwa hakukuwa likizo. Ilikuwa unafukuzwa hosteli, unabeba sanduku, unaenda kueleza wazazi waliouza ng'ombe ulipe karo kwamba masomo yamesimama kwa sababu ya miti.

Najua kwa sababu anko yangu, mdogo wa mamangu, alikuwa mmoja wao. Nyumbani hiyo stori ilikuwa ikisemwa kama onyo. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kabisa, shangazi mmoja alisema nimerithi kichwa cha anko. Mwaka jana nikamwambia, anko, twende Karura, nilipe mimi. Alikuwa hajawahi kuingia. Miaka zaidi ya ishirini na tano anaishi hapa Nairobi na hajawahi.

Tukatembea polepole, goti lake linamsumbua. Tulipofika kwa maporomoko alinyamaza sana. Nikamuuliza, "Anko, si hii ndiyo mlipigania?"

Akasema, "Sisi hata hatukujua kuna maporomoko huku."

Manze, hiyo ilinikaa. Walipoteza muhula mzima kwa ajili ya mahali hawajawahi kuona. Hawakuwa na picha ya machweo wala droni. Walijua tu kwamba ni ya umma na inaibwa. Nikamuuliza kama walikuwa wanapenda miti sana. Akacheka. "Miti gani? Tulikuwa tumechoka na wao."

Na kelele zilifanya kazi, hata kama serikali haikupenda kukubali. Moi alikuwa ametetea huo ugawaji hadharani, lakini Agosti 1999 akatangaza kupiga marufuku ugawaji wote wa ardhi ya umma. Baadaye tume ya Ndung'u, ripoti yake ya 2004, ikaiweka Karura kati ya mifano ya ardhi iliyogawanywa kinyume cha sheria.

Halafu kuna sehemu isiyo na filamu. Msitu uliokolewa, lakini hakuna aliyethubutu kuutembea. Ulijulikana kwa wizi, kubakwa, na maiti zilizotupwa. Muulize mzazi yeyote wa Kiambu Road. Ni 2009 ndipo majirani walianzisha Friends of Karura, wakashikana na Shirika la Misitu la Kenya. Sheria ya misitu ya 2005 ndiyo iliruhusu jamii kusimamia msitu pamoja na serikali. Wakajenga ua wa umeme, wakaajiri walinzi, wengine vijana kutoka vijiji vya jirani, wakachonga njia na kuweka nambari kwenye makutano ili usipotee. Siku hizi unaona kina mama wakikimbia peke yao saa kumi na mbili asubuhi. Kwa Nairobi hiyo ni kitu kubwa kuliko maporomoko.

Na vita havijaisha. 2025 kulizuka mvutano kuhusu pesa za geti. Serikali ilitaka malipo yote yapitie eCitizen, Friends of Karura wakaenda kortini, kwa sababu hizo pesa ndizo hulipa walinzi na kurekebisha ua. Kwenye komenti niliona watu wakisema "hizo ni siasa, sisi tunataka tu kutembea". Buda, kutembea kwenyewe ndiko siasa ilileta. Mimi niko upande wa pesa kubaki msituni, na nitakubali matusi yenu kwa hilo.

Kwa wale huniuliza njia: ingia kwa geti ya Limuru Road, fuata vibao. Chupa za plastiki za kutupa acha nyumbani, zimepigwa marufuku msituni tangu Juni 2020. Kuna kona imepewa jina la Wangari Maathai, ipitieni. Ya wanafunzi hakuna. Mapangoni beba tochi, simu huisha chaji mapema. Kutoka hapo hadi kwa maporomoko si mbali, mto uko kando yako.