Valvu za Redio za Kale

Ukipita katika vibanda vya mafundi wa redio mjini Nakuru, au katika nyumba kuukuu za mashamba ya Njoro na Molo, huenda ukaona sanduku la mbao lenye kitambaa mbele na vifungo vya kuzungusha. Ndani yake mna vichupa vya kioo vilivyosimama wima kama taa ndogo. Hizo ndizo valvu. Nataka tuzisome, msomaji, kama vile mwanahistoria asomavyo barua ya kale.

Valvu ya kwanza ilibuniwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani aliongeza kipande cha tatu, ambacho hatimaye kiliwezesha sauti hafifu kukuzwa. Utendaji wake si mgumu kuufahamu. Hewa huondolewa ndani ya kioo, kisha waya mwembamba hutiwa moto kwa umeme. Joto hilo huzifanya elektroni ziruke na kuliendea bamba la chuma. Katikati umewekwa wavu, nao huzizuia au kuziachilia, kama vile mkulima afunguavyo na kuufunga mfereji wa maji.

Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, yakikusudiwa walowezi. Lugha za Kiafrika zilipata nafasi wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu walipotaka habari za vijana wao waliokuwa vitani. Lakini mashamba mengi ya Bonde la Ufa hayakuwa na nyaya za umeme. Basi redio ilihitaji betri mbili: ndogo ya kutia moto nyaya, na kubwa, mara nyingi ya volti 90, kwa ajili ya mabamba. Betri zilikuwa ghali, nazo zikiisha, nyumba nzima ilinyamaza.

Sasa tazama herufi ya kwanza iliyoandikwa juu ya kioo. Katika valvu za Philips na Mullard, herufi D ina maana ya volti 1.4, yaani valvu ya redio ya betri. E ni volti 6.3, ambayo mara nyingi ilitumika penye umeme wa waya. Kwa hiyo DK96 yakuonyesha nyumba isiyofikiwa na waya, na ECH81 kwa kawaida yatoka kwenye nyumba iliyofikiwa. Wamarekani waliandika tarakimu badala ya herufi: 1T4 ni ya betri, 6V6 si ya betri.

Je, valvu hiyo yafaa bado? Anza kwa macho, maana macho hayana gharama. Ndani ya kioo kuna doa ling'aalo kama fedha, nalo kazi yake ni kuinasa hewa kidogo iliyobaki. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na kuipima zaidi ni kupoteza wakati. Likiwa zuri, fundi hupima kama waya wa moto haujakatika. Hapa ndipo wengi huharibu! Waya wa DK96 ni mwembamba kuliko unywele, nao hutumia miliampea 25 tu. Mita yenye nguvu kupita kiasi yaweza kuuunguza papo hapo. Mwisho, valvu hutiwa katika kipimo maalumu, kama vile cha AVO cha Uingereza, ambacho huipasha moto na kuonyesha mkondo unaopita, ili ulinganishwe na kitabu. Mkondo ukiwa mdogo, valvu imechoka kwa kazi nyingi. Usiifungue redio ya umeme wa waya bila fundi, kwa kuwa hata ikiisha kuzimwa yaweza kukushtua vibaya.

Transista, iliyogunduliwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1947, haikuhitaji waya wa moto wala betri ya volti 90. Katika miaka ya 1960 redio ndogo za transista zilienea, na hata kibarua wa shamba aliweza kuibeba yake mkononi.

Angalizo moja kwa mtafiti: valvu zilibadilishwa zilipokufa. Ukikuta tatu zilizochoka na moja yenye nguvu, yamkini ile moja ilinunuliwa baadaye. Usikisie umri wa redio kwa hiyo. Zipime zile tatu.