Kigae cha saruji na nyuzi: kwa nini huzeeka

Saruji tupu ikipindwa hukatika ghafla. Ikichanganywa na nyuzi za katani au za makumbi ya nazi, ambayo hapa Mafia hayatuishii, ufa ukianza nyuzi huushikilia. Ila upepo wa kusi hukipinda kigae mara maelfu. Kila mpindo huzivuta nyuzi kidogo, na ufa hurefuka kwa nguvu ambayo siku ya kwanza isingekidhuru. Tena kuna ukali wa saruji yenyewe, ule unaochubua mikono ya mafundi. Mwaka 1983, huko Stockholm, mtafiti Gram alieleza jinsi maji ndani ya saruji yanavyozila nyuzi hizo. Kigae cha zamani, hata kikionekana kizima, tusikikanyage katikati. Fundi atandike ubao unaoegemea papi mbili.