Ngazi ya Mbele ya Nyumba

Katika viungo vyote vya nyumba, sidhani kuwa kipo kikanyagwacho zaidi na kutazamwa kidogo kuliko ngazi iliyo mbele ya mlango. Ukuta husifiwa, mabati ya paa huhesabiwa, mlango wa nakshi hupigwa picha na wageni. Lakini ngazi hupandwa na kusahauliwa. Lugha yetu, hata hivyo, haikuisahau. Neno daraja, ambalo ni kipandio cha mguu, ndilo tulitumialo pia kwa cheo cha mtu. Na wewe, msomaji, uliye katika kidato cha pili au cha tatu, umewekwa juu ya kipandio vivyo hivyo, kwa kuwa kidato ni ule mkato wa kukanyagia ambao mkwezi huutia katika shina la mnazi.

Tuanze pwani, maana huko ndiko desturi ya kujenga kwa mawe na chokaa ilikokomaa katika nchi yetu. Usidhani kwamba mawe yalikuwapo tangu mwanzo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 waliona chini ya msikiti wa mawe dalili za misikiti ya miti iliyoutangulia, ya tangu karne ya 8. Ibn Battuta naye, alipopita Mombasa mwaka 1331, aliikuta misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Alieleza jinsi mtu alivyoosha miguu kwa maji yaliyowekwa mlangoni, kisha akaifuta juu ya kipande cha mkeka mnene kabla ya kuingia. Kwa hiyo heshima ya mlango ilikuwapo hata pale ambapo mlango wenyewe haukuwa wa jiwe.

Jiwe lililotumika lilikuwa tumbawe. Mafundi walilikata ama baharini, ambako ni laini na huchongeka vizuri lingali bichi, ama katika miamba ya zamani ya nchi kavu. Matumbawe hayo hayo yalitoa na chokaa. Magogo yalipangwa kwa duara, yakarundikwa mawe juu yake, kisha yakatiwa moto. Moto ukiwa mkali wa kutosha, hewa ya ukaa iliyomo ndani ya tumbawe hutoka, na linalobaki ni jiwe jeupe lenye uchu wa maji. Limwagie maji nalo litachemka na kufuka moshi, mpaka liwe unga. Chokaa hiyo iliachwa siku nyingi ipoe, ndipo ikachanganywa na mchanga. Inapokauka ukutani huivuta tena hewa ile ya ukaa polepole, na kwa namna hiyo hurudi kuwa jiwe. Huu ni mzunguko wa ajabu, nami nastaajabu kwamba hatuufundishi zaidi katika masomo ya kemia, hali mfano wake umesimama Gedi na Lamu kwa karne nyingi.

Katika Lamu, ngazi ya nyumba ya mawe haikuwa pekee. Iliungana na daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe kila upande. Hapo mwenye nyumba alipokea wageni na kuzungumza biashara, na wengi hawakupita zaidi ya hapo. Njia ya ndani ilipindishwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike uani. Barazani ndiko lilikotoka hata lile neno tulitumialo leo kwa mikutano ya chifu na kwa mawaziri wa Serikali.

Lakini sharti tuseme na upande wa pili. Katika mji ule wa karne ya 18, nyumba ya mawe ilikuwa alama ya uungwana. Waungwana walikaa barazani. Kazi nzito katika miji hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa, na watumwa hawakuwa na nyumba za namna hiyo. Utumwa haukuondolewa katika sheria ya pwani yetu mpaka mwaka 1907. Mwanafunzi anayezuru majumba ya kale na ayapende, lakini aulize pia ni miguu ya nani iliyoruhusiwa kukanyaga kizingiti.

Sasa tuitazame saruji. Neno lenyewe ni la zamani kuliko simiti ya mifuko. Asili yake ni Uajemi, na huko Omani, saruji ni udongo uliochomwa na kusagwa, ambao mafundi walijengea ngome na mifereji ya maji. Warumi nao walichanganya chokaa na majivu ya volkano kutoka Pozzuoli, wakapata zege lililoganda hata chini ya maji. Chokaa tupu haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu huhitaji hewa.

Katika Uingereza, John Smeaton alitafuta chokaa ya kustahimili mawimbi kwa ajili ya mnara wa taa wa Eddystone, uliowashwa mwaka 1759. Aligundua kwamba jiwe la chokaa lenye udongo wa mfinyanzi ndani yake ndilo bora. Mwaka 1824 Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, alipata hataza ya unga aliouita saruji ya Portland, kwa kuwa ilipokauka ilifanana na mawe ya kisiwa cha Portland.

Saruji hiyo ilifika kwetu kwa meli, kisha tukaanza kuitengeneza wenyewe. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na kile cha Athi River kikafuata miaka michache baadaye. Je, Bamburi walichimba nini? Walichimba matumbawe ya kale! Jiwe ni lile lile la mafundi wa Gedi, ila sasa lilichanganywa na udongo na kuchomwa katika tanuri lenye joto la kadiri ya digrii 1,450.

Faida yake ilikuwa kubwa. Mtu asiye na uwezo wa kujenga nyumba ya mawe aliweza kununua mfuko mmoja au miwili. Ndiyo sababu utaona, katika vijiji vingi vya Kenya, nyumba ya udongo iliyotangulizwa na ngazi ya saruji. Wako wanaoicheka. Mimi naona wanakosea, kwa maana maji yanayodondoka kutoka paani huchimba mbele ya mlango kwanza, na ngazi ngumu huulinda msingi mzima.

Kuijenga si kazi ya miujiza, ila ina kanuni zake. Ardhi huchimbwa mpaka penye udongo mgumu, hushindiliwa, na mawe hupangwa chini. Kalibu ya mbao husimamishwa na kupimwa kwa pimamaji, ikiinamishwa kidogo kuelekea nje ili mvua isisimame. Fundi huchanganya sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Maji na yawe ya kiasi: Duff Abrams wa Chicago alionyesha mwaka 1918 kwamba kadiri maji yanavyozidi saruji, ndivyo zege linavyopungua nguvu. Baada ya kumwaga, ngazi hufunikwa magunia yaliyoloweshwa kwa muda wa siku 7, kwani saruji huganda kwa kunywa maji, wala si kwa kuanikwa juani. Kuhusu vipimo, Mfaransa François Blondel alifundisha katika karne ya 17 kwamba vimo viwili vya kipandio pamoja na upana mmoja wa kukanyagia vilingane na hatua moja ya mtu. Kwetu hiyo ni kama inchi 24: kimo inchi 6, upana inchi 12. Vipandio vyote viwe sawa, la sivyo mguu uliokwisha kuzoea wa kwanza utajikwaa kwenye wa pili.

Lakini yuko asiye na hatua ya kupimwa. Ibara ya 54 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo, na ngazi ya inchi 6 tu yatosha kumzuia mwenye kiti cha magurudumu, sawasawa na vile daka lilivyowazuia wengine zamani. Dawa yake ni mteremko kando ya ngazi. Kwa kila inchi 1 ya kimo, mteremko huhitaji inchi 12 za urefu. Basi ngazi ya inchi 6 hutaka mteremko wa futi 6. Fundi mwenye busara huupimia nafasi kabla ya kuchimba, naye huumwaga kwa zege lile lile, siku ile ile.